Chombo cha Manahodha Wawili

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii imesafiri nchi kavu kuliko jahazi lolote lilivyosafiri majini. Huitwa kwenye kikao cha harusi kumnyamazisha mjomba mwenye maoni mengi, huitwa kwenye mkutano wa chama siku ya kugombea uenyekiti, na huitwa barazani mke na mume wanapoulizwa nani hasa anaongoza nyumba. Hapa nataka kuirudisha kwao, baharini, maana lipo kundi la mabaharia ambalo aliyeitunga hakulifikiria. Hao ni mke na mume wanaouza nyumba au kuipangisha, wakahamia kwenye mashua ya matanga na kuishi humo miaka, wakitoka pwani moja kwenda nyingine. Ni wawili tu, hawana serahangi wala baharia, na mpishi ni wao wenyewe. Nimesoma habari za wengi wao, na ninachokiona ni kwamba kwenye chombo cha namna hiyo methali inageuka. Kuwa na manahodha wawili hakukiponzi. Kinachokiponza ni kuwa na mmoja.

Kwanza tumtendee haki aliyeitunga. Chombo alichokijua kilikuwa na watu. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, akateremka nalo kwa pepo za kaskazi hadi Zanzibar na kisha delta ya Rufiji palipopakiwa boriti. Jahazi lile lilikuwa na mabaharia zaidi ya 20. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, la chombo kama hicho halipandi kwa mikono miwili. Linavutwa na safu ya watu, na safu ya watu ikivuta henza moja, sauti ya kuiongoza lazima iwe moja. Wawili wakiamrisha kwa pamoja, mmoja akasema vuta na mwingine akasema legeza, tanga litararuka na pengine mtu ataumia. Methali ina haki yake yote hapo. Lakini kuna jambo ambalo haikulisema kwa kuwa halikuwa na haja ya kusemwa: nahodha wa jahazi akishikwa na homa, yupo serahangi aliyesimama nyuma yake miaka kumi akimtazama, na yupo msukani anayeijua dira usiku na mchana. Jahazi lilikuwa na nahodha mmoja wa kuamrisha na wanne au watano wa akiba. Kwenye mashua ya wenzi wawili akiba ni mtu mmoja, na mtu huyo asipojua kitu, akiba haipo.

Maisha yenyewe yakoje? Mashua za kawaida za wenzi hawa huwa na urefu wa mita 9 hadi 13. Upana wa ndani hauzidi sana wa daladala, na humo kuna kitanda, jiko la gesi, meza ya ramani, choo cha pampu, betri, injini ya dizeli chini ya ngazi, na tangi la maji ambalo kila mwanakaya hujifunza kulihesabu kwa vikombe. Juu kuna mlingoti, matanga mawili au matatu, na paneli za jua. Gharama hutofautiana kama zinavyotofautiana za nyumba. Wapo waliostaafu na pensheni nono, na wapo walioishi kwa kazi za mikono njiani. Lin na Larry Pardey, Mmarekani na Mkanada, walijenga wenyewe huko California mashua yao ya kwanza, Seraffyn, yenye urefu wa mita 7 na nusu hivi, wakaishusha majini mwaka 1968 na kuizungusha dunia bila injini kabisa, huku wakijipatia riziki kwa kukarabati na kupeleka vyombo vya watu. Nawataja mapema ili kuondoa dhana kwamba haya ni mambo ya mabilionea. Mabilionea wana wafanyakazi, na kwa sababu hiyo hoja hii haiwahusu.

Pwani inayofaa kutazamwa kama darasa la maisha haya ni ile ya mashariki ya Marekani. Kuanzia Norfolk, jimbo la Virginia, ipo njia ya maji ya ndani inayounganisha mito, ghuba na mifereji iliyochimbwa, zaidi ya maili 1,000 hadi Miami, ambapo chombo kinaweza kwenda siku nyingi bila kuonja mawimbi ya Atlantiki. Kila vuli, baridi ikibisha hodi na msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1 na kwisha Novemba 30, ukielekea ukingoni, msururu wa mashua huteremka kusini kuelekea Florida na visiwa vya Bahama, na wakati wa masika hurudi kaskazini. Wengi waliomo ni mke na mume, wenye umri wa kuitwa babu na bibi. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni likizo isiyokwisha. Ukiangalia kazi yao ya siku utaona ni watu waliopata ajira mpya uzeeni. Usukani hushikwa saa saba au nane mfululizo kwenye mfereji mwembamba. Madaraja ya kuinuka hufunguliwa kwa saa maalumu, na ukichelewa dakika tano unazunguka papo hapo nusu saa ukipigana na mkondo. Madaraja mengi yasiyoinuka yana kimo cha futi 65, na mwenye mlingoti wa futi 64 hupita chini yake amezuia pumzi. Huko Georgia maji hujaa na kupwa kwa mita 2 hadi karibu 3, mafungu ya mchanga huhama kila mwaka, na boya lililokuwa sahihi mwaka jana huenda leo liko kwenye kina cha goti.

Msomaji wa Pangani au Lamu hahitaji kufafanuliwa neno kupwelewa. Hilo ndilo jambo ambalo watu wa bara hulikosea wanapowazia mashua: hudhani hatari iko mbali, katikati ya bahari kuu, palipo na mawimbi kama vilima. Lakini chombo kizuri huvumilia mawimbi. Kisichovumilia ni ardhi. Anayetembea kandokando ya pwani hukutana na ardhi kila siku, asubuhi anapotoka na jioni anapotia nanga, na kila mkutano unataka macho ya mtu mmoja kwenye maji na ya mwingine kwenye ramani. Wageni wachache wa aina hii wanaofika kwetu, wanaotia nanga Kilifi, Mtwapa au Tanga, hulijua hilo upesi. Kaskazi huwapeleka kusini, kusi huwarudisha, na kati ya hapo miamba ya matumbawe haina taa. Kwa hiyo ninapozungumzia unahodha sizungumzii kishindo cha tufani kinachokuja mara moja katika maisha. Nazungumzia kazi ya kila siku.

Na kazi ya kila siku ndiyo inayozaa nahodha mmoja, bila mtu yeyote kukusudia. Mabaharia wanaozungumza Kiingereza wana msemo wao kwa jambo hili: kuna kazi za rangi ya waridi na kazi za rangi ya buluu. Za waridi ni chakula, akiba ya kabati, kufua, kupanga nyaraka. Za buluu ni injini, matanga, ramani, redio, nanga. Mgawanyo huanza kwa nia njema kabisa. Mume amekuwa akipenda mashua tangu utotoni, mke amekubali kuja kwa ajili yake. Yeye anajua, mwenzake hajui. Kuna mawingu upande wa kusini na hakuna muda wa kufundishana, basi nipishe nifanye mwenyewe. (Mara nyingine ni mke anayejua na mume anayefuata, na matokeo ni yale yale.) Miaka mitatu baadaye mmoja amekuwa fundi na mwingine amekuwa abiria mzoefu. Abiria mzoefu ni mtu hatari kidogo kwa sababu haonekani kuwa abiria: anajua wapi kamba hukaa, anatumia maneno yote ya kibaharia, hata wageni humdhania baharia. Ila hajawahi kuiwasha injini iliyoingiwa na hewa kwenye mafuta, na hajawahi kushusha tanga kuu akiwa peke yake upepo ukivuma.

Tazama inavyokuwa fundi huyo anapoteleza na kuanguka majini. Mashua inayokwenda noti 6, mwendo wa kawaida tu, husogea mita 185 kwa dakika. Kichwa cha mtu majini hakizidi dafu linaloelea, na mawimbi ya mita moja hulificha dafu hilo kila baada ya sekunde chache. Usukani wa kujiendesha, kifaa ambacho wenzi wote hukipenda kwa kuwa hakichoki wala hakinung’uniki, unaendelea kuipeleka mashua mbele kwa uaminifu uleule. Aliyebaki lazima auzime, ageuze chombo, ashushe au alegeze matanga, awashe injini akihakikisha hakuna kamba inayoburuta karibu na rafadha, amrudie mwenzake kutoka upande unaofaa, asimpite wala asimgonge. Na hapo kazi imefika nusu. Mtu mzima aliyelowa, aliyechoka, ananing’inia kando ya ubavu wa mashua ulio juu ya maji kwa mita moja au zaidi, na nguvu za mikono pekee hazitoshi kumpandisha. Katika miaka ya 1970, huko Seattle, mabaharia walianza kusumbuliwa na ajali za namna hii hasa: mume yuko majini, mke amefanikiwa kumfikia, amemshika, na hawezi kumtoa. Kutokana na uchungu huo kilibuniwa kitanzi cha boya kinachoburutwa kwa kamba ndefu. Mashua huzunguka hadi kamba imfikie aliyeanguka, ajivike kitanzi kwapani, kisha avutwe juu kwa makapi na winchi. Kilitengenezwa kwa kuwafikiria wawili waliobaki mmoja, na leo kimefungwa nyuma ya mashua nyingi za wenzi duniani. Kukifunga ni rahisi. Swali ni nani kati ya wawili hao amewahi kukitoa kwenye mfuko wake.

Kuanguka majini ni tukio la nadra, na msomaji anaweza kusema nimechagua mfano wa kutisha ili kushinda ubishi. Basi tuchukue jambo lisilo la nadra, usingizi. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za mwaka 1972, zinataka kila chombo kiwe na mtu anayetazama na kusikiliza muda wote. Ndiyo Kanuni ya 5, na haina msamaha kwa mashua ndogo. Sababu yake ni hesabu tupu. Meli ya mizigo inayokwenda noti 20 ikielekeana na mashua ya noti 5, maili 6 za baharini zilizo kati yao huisha kwa dakika 14 na ushei. Safari ya usiku mmoja tu, tuseme kuvuka mkondo wa Gulf Stream kutoka Florida kwenda Bahama au kutoka Zanzibar kwenda Mafia, inataka zamu: saa tatu mmoja juu, saa tatu mwingine alale, kisha wabadilishane. Iwapo mmoja hawezi kusoma taa za meli akajua inakuja au inakwenda, zamu yake ni ya jina. Kila taa inayotokea humwamsha mwenzake, na alfajiri nahodha pekee ana saa 24 bila usingizi wa maana, naye ndiye atakayekiingiza chombo kwenye mlango wa bandari wenye mwamba upande mmoja na fungu upande wa pili. Vyombo vingi vilivyopanda mwamba vilikuwa vizima, hali ya hewa ikiwa nzuri, na ramani ikiwa mezani. Kilichokuwa kimeharibika ni mtu.

Historia ya wenzi mashuhuri wa bahari inasaidia, mradi isomwe kwa uangalifu, maana vitabu huwa na tabia ya kumsifu aliyeviandika. Eric na Susan Hiscock, Waingereza, waliizunguka dunia mara mbili kwa Wanderer III, mashua ya mita 9, kati ya 1952 na 1955 na tena kati ya 1959 na 1962. Eric ndiye aliyeandika vitabu vilivyofundisha kizazi kizima kusafiri kwa matanga, na jina lake ndilo lililokaa juu ya jalada. Lakini Eric alikuwa na macho dhaifu sana, kiasi cha kutoweza kupigana vitani. Mtu wa namna hiyo haizunguki dunia akiwa na abiria. Miles na Beryl Smeeton nao wana somo la aina nyingine. Waliponunua mashua yao Tzu Hang, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wote wawili hawakuwa mabaharia. Walijifunza pamoja, na hilo naliona kuwa bahati kubwa kuliko kipaji, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mwalimu wa mwenzake. Februari 14, 1957, wakielekea Cape Horn pamoja na rafiki yao John Guzzwell, wimbi liliipindua Tzu Hang kichwachini. Aliyekuwa usukanini ni Beryl. Alirushwa majini, akaumia bega, milingoti yote ikaondoka, na Guzzwell aliyekuwa stadi wa useremala akaziba matundu wakafika Chile. Kabla mwaka huo haujaisha walijaribu tena, safari hii wawili tu, na siku moja baada ya Krismasi bahari ikaipindua Tzu Hang mara ya pili. Seremala hakuwepo. Wakafunga vipande walivyovipata vikawa mlingoti, wakarudi Chile wenyewe. Ukitaka kujua kama kujifunza pamoja kunalipa, linganisha safari hizo mbili.

Lakini ushahidi unaonigusa zaidi si wa mabaharia hodari. Ni wa Maurice na Maralyn Bailey, wenzi wa kawaida kutoka Uingereza, walioondoka mwaka 1972 na mashua yao Auralyn wakikusudia kufika New Zealand. Maurice ndiye aliyekuwa nahodha kwa maana zote za neno. Ndiye aliyejua kupima nyota, na ndiye aliyeamua wasichukue redio ya kutuma ujumbe ili wasisumbuliwe na ulimwengu. Maralyn hakujua hata kuogelea. Machi 4, 1973, wakitoka Panama kuelekea visiwa vya Galápagos, nyangumi aliipasua Auralyn ubavuni. Ilizama, wakabaki na chelezo cha mpira na kimashua kidogo, na kwa karibu miezi minne walielea Pasifiki wakila kasa, samaki na ndege wabichi. Meli saba zilipita bila kuwaona. Ndani ya siku hizo unahodha ulihama. Maurice, ambaye ujuzi wake wote ulikuwa wa mashua iliyokwisha zama, alikata tamaa na baadaye akawa mgonjwa. Maralyn alikunja pini za nguo zikawa ndoana, akatengeneza karata kwa karatasi, akaandika shajara, akapanga milo watakayopika kwenye mashua ijayo. Juni 30 meli ya uvuvi ya Korea iitwayo Wolmi 306 iliwaokota wakiwa hai. Maurice mwenyewe hakuficha baadaye kwamba ni mkewe aliyewavusha.

Hadithi hii husimuliwa kama sifa ya ujasiri wa Maralyn, na inastahili. Mimi naisoma pia kwa kuangalia kile ambacho Maurice hakukifanya: hakung’ang’ania usukani. Ungeweza kumkuta mume mwingine ambaye, kwa kuwa alizoea kuamrisha, angeendelea kuamrisha akiwa hana tena cha kuamrisha, na wawili wale wangekufa kwa nidhamu kamili. Kwa hiyo unahodha wa wawili haumaanishi ujuzi wa mikono pekee. Mamlaka nayo lazima yaweze kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kuvunja kitu. Na mamlaka ambayo hayajawahi kuhama siku ya utulivu ni vigumu kuyahamisha siku ya msiba.

Hapo ndipo mwenye methali atanikamata. Atasema: sawa, wote wajue, lakini chombo kikielekea mwamba, nani anasema geuka? Mkikaa kikao mmekwisha. Ni kweli, na sina nia ya kulikwepa. Hata nyaraka za bandari na za bima hutaka jina la nahodha. Ila pingamizi hili linachanganya mambo mawili ambayo kwenye jahazi yalikuwa kwa mtu mmoja, yaani kujua na kuamrisha. Kuamrisha lazima kuwe kwa mmoja kwa wakati mmoja. Kujua hakuna sababu ya kuwa kwa mmoja kamwe. Suluhisho ambalo wenzi wengi waliodumu wameliangukia ni la zamu: aliye kwenye usukani ndiye nahodha, mwenzake hata kama ndiye aliyemfundisha hutoa taarifa, hatoi amri, mpaka zamu ibadilike. “Kuna boya kushoto” ni taarifa. “Pinda kulia” ni amri. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uwasikie wawili wakitia nanga jioni mbele ya mashua nyingine ishirini. Huo ndio wakati mashuhuri wa ugomvi, mmoja gubetini akivuta amari, mwingine nyuma akipiga kelele zinazopeperushwa na upepo, kiasi kwamba vipaza sauti vya kuvaa kichwani vinavyouzwa kwa kazi hiyo vimebatizwa jina la viokoa ndoa. Na jambo la kuchekesha ni kwamba mara nyingi wamesimama kinyume. Mwenye misuli ameshika usukani, ambao hautaki misuli, na mwenye misuli michache anahangaika na mnyororo wa chuma. Waulize kwa nini, watakwambia ndivyo walivyozoea.

Pingamizi la nguvu linafuata, na lina uzito zaidi kuliko watu wanavyokiri. Ni kweli kwamba tanga kubwa kwenye upepo mkali linamshinda mtu mdogo wa mwili. Jibu la kweli halipo kwenye mazoezi ya viungo. Lipo katika kuchagua chombo ambacho mdogo wa hao wawili anaweza kukimudu. Winchi yenye gia, makapi matatu mahali pa moja, tanga lililogawanywa vipande viwili, mashua fupi kwa mita mbili. Akina Pardey walibaki na mashua ndogo muda wote waliosafiri pamoja. Hata Taleisin, mashua yao ya pili iliyoshushwa mwaka 1983, haikuzidi mita 9. Ninavyoona, swali la kwanza dukani lingekuwa “mdogo wetu anaweza kukunja tanga hili peke yake saa nane za usiku?” kabla ya kuuliza idadi ya vitanda. Wauzaji wa mashua hawalipendi swali hilo, kwa sababu mita zinazouzwa ghali ndizo linazozikata.

Wengine watasema haya yote yamepitwa na wakati: siku hizi kuna setilaiti, ramani ya kielektroniki inayoonyesha ulipo, mtambo unaotangaza jina la kila meli iliyo karibu, na kitufe chekundu kwenye redio ambacho ukikibonyeza hutuma wito wa hatari pamoja na mahali ulipo. Sitavidharau vifaa hivyo. Kama Maurice angekuwa na redio, pengine siku zao zingekuwa chache. Lakini kitufe kinamtaka mtu anayejua kilipo, na anayejua kwamba baada ya kukibonyeza atatakiwa kusema kwenye chaneli 16 jina la chombo, mahali, shida na idadi ya watu. Na msaada unaokuja kwa wito huo hupimwa kwa saa. Aliye majini hupimwa kwa dakika. Tena vifaa vimeongeza kazi za buluu. Zamani mwenzi alihitaji kujua dira na ramani ya karatasi, vitu viwili visivyo na nywila. Sasa fundi wa chombo ana skrini tatu na menyu alizozipanga kwa ladha yake, na asiyezigusa yuko mbali na usukani kuliko bibi yake alivyokuwa.

Hoja yangu ina mpaka, na mpaka wenyewe uko karibu na kwetu. Oktoba 2009 wenzi Waingereza, Paul na Rachel Chandler, waliondoka Shelisheli kuja Tanzania na mashua yao Lynn Rival; wakatekwa na maharamia wa Kisomali na kushikiliwa siku 388, mpaka Novemba 2010. Kugawana unahodha hakungewasaidia chochote mbele ya bunduki. Bahari ina mambo ambayo ujuzi wa mtu mmoja, wawili au ishirini hauyafikii, na anayewaambia wenzi kwamba mafunzo yatawalinda na kila kitu anawauzia kitu kisichokuwepo.

Kwa yale yanayofikiwa, njia ya kujifunza si siri. Klabu moja kongwe ya mabaharia wa Marekani, Cruising Club of America, ina mafunzo mahususi kwa wenzi ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Peke Yako Ghafla: yanamfundisha yule asiyekuwa nahodha namna ya kusimamisha chombo, kuita msaada na kukifikisha bandarini mwenzake akiwa amelala hoi au hayupo. Wasio na klabu hufanya zoezi ambalo halina gharama. Siku ya upepo mwanana mmoja hutupa majini fenda au kikapu cha plastiki bila kutoa taarifa, akasema kwa sauti kwamba yeye ndiye ameanguka, kisha akakaa chini. Mwenzake anabaki na mashua nzima. Atageuka vibaya, atakipita kikapu mara mbili, tanga litapigapiga, kamba itamzonga mguuni, na labda itachukua robo saa kabla hajakinasa. Aliyekaa chini anaona kila kosa, na jibu la kila kosa liko kwenye ncha ya ulimi wake. Haruhusiwi kulitoa. Yuko majini, mita 185 nyuma kwa kila dakika iliyopita, na kutoka huko hasikiki.